Mkaguzi wa sanduku ametuchosha: rula ya chuma imeletwa mezani, kaikataa!

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa nimechemka na sitaki kutulizwa. Mnamjua. Yule wa sanduku la plaiwudi, anayekagua ukubwa wa roboti za LEGO kwenye mashindano ya watoto. Simtaji, hakuna timu isiyomjua.

Kikomo ni milimita 250 kwa urefu, upana na kimo kabla roboti haijaanza, waya zikiwemo. Hilo hakuna anayebisha. Roboti yetu ina 248. Vipande vya LEGO toka tundu hadi tundu ni milimita 8, matundu 31 ni 248, hesabu ya darasa la tatu. Sanduku likateremshwa juu ya roboti kuifunika, likakwama. Watoto wakaleta rula ya chuma. Akaitazama. AKAIKATAA. Eti, "Mimi sipimi kwa rula, napima kwa sanduku."

Rula ya chuma, wakuu!

Hilo sanduku limelowa na kukauka mpaka limebaki kuota majani tu. Kona moja ina gundi iliyoganda unene wa kidole, ubao wa pembeni umebonyea kwa ndani. Sisimizi akipita mle anatoka kakunja miguu. Halafu ndilo linaloamua nani aingie uwanjani.

Baada ya kuikataa rula anatoa dakika 3: "Punguzeni kidogo." Kidogo ipi? LEGO haina kidogo, ukitoa tundu umetoa milimita 8 nzima. Sensa ya rangi, lile jicho la roboti linalosoma mstari, inarudi nyuma milimita 8. Kwa gurudumu la kipenyo cha milimita 56, hiyo ni kama digrii 16 za mzunguko. Kila amri ya "ukiona mstari, songa digrii kadhaa kisha shusha mkono" inapitiliza, mkono unakamata hewa. Programu yote imeharibika kwa sababu mtu kakataa rula iliyokuwa mbele ya pua yake.

Kanuni imeandika milimita. Haikuandika sanduku.

Nati Legevu: Pole mkuu, ila kujenga 248 kwenye kikomo cha 250 ni kujitafutia. Umebakiza milimita 1 kila upande. Waya wa mota ukipinda kidogo, au pini moja ikichomoza, kwisha habari. Jenga matundu 30, ni 240, zile 10 waachie waya na pini. Hili wanafundishwa wiki ya kwanza.

Mwenye uzi: Waya zilifungwa kwa ndani na hakuna pini iliyochomoza. Soma uzi. Tatizo ni RULA. Kaikataa!

Mzee wa Gia: Nyote mnapiga kelele na hakuna aliyepima ulalo. Sanduku la 250 lililonyooka lina ulalo wa 353.6 kona kwa kona, na lazima zote mbili zilingane. Likipinda kidogo, ulalo mmoja ukawa 348 na mwingine 359, ukiweka rula ubao kwa ubao bado unasoma karibu 250. Roboti ya mraba ya 248 ina ulalo wa karibu 351, kwa hiyo inakwama kwenye kona fupi. Rula ingesema roboti ni halali na sanduku ni halali, na bado isingeingia. Dawa ni mbili. Roboti isiwe na kona nne zilizojaa, toa vipande vya pembeni. Na mkaguzi awe na kipande cha mbao au chuma cha 250 kamili kwa 250, akipitishe sandukuni mbele ya timu zote kabla ya kukagua. Kikikwama, sanduku linatupwa.

Mwenye uzi: Asante Mzee. Kwa hiyo sanduku ni bovu na mtu aliyekataa rula analitetea!

Mota Moto: Rula, rula, rula, uzi mzima rula. Nendeni kwenye mashindano ya roboti zenye kikomo cha inchi 18 mkaone shida. Mkono uliokunjwa unashikiliwa na mota tu, umeme ukizimwa unaporomoka, roboti inazidi kipimo na mkaguzi anakata jina. Wekeni kizuizi cha chuma au mpira wa kuvuta, usitegemee mota kushika kitu wakati haina umeme. Yetu ndiyo malalamiko.

Sensa Nyekundu: Wa sanduku ana nafuu. Kuna yule anayebadilisha taa za ukumbi baada ya mazoezi, naye mnamjua. Asubuhi sensa juu ya nyeupe inasoma 80 na juu ya nyeusi 10, namba yako ya kutenganisha rangi hizo ni 45. Mchana madirisha yamefunguliwa, nyeusi inasoma 25 na nyeupe inapaa, ule 45 unayumbisha roboti mstarini kama mlevi. Soma nyeupe na nyeusi upya juu ya meza ile ile ya mashindano, kila raundi, na kinga sensa kwa vipande vyeusi pembeni.

Nati Legevu: Roboti inayoyumba mara nyingi ni betri, si taa. Watu wanaandika "nenda mbele sekunde 2". Betri ikishuka, sekunde 2 hazifiki mahali pale pale. Tumieni digrii za mota.

Sensa Nyekundu: Nani katumia sekunde hapa? Usinipachikie. Digrii nazo hazisaidii gurudumu likiteleza kwenye vumbi. Futa matairi kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya raundi.

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwenye rula.

Mota Moto: Hakuna anayerudi.

Mzee wa Gia: Mmefika kwenye kuteleza, basi lililo kubwa ni mkeka, ule wenye mistari unaotandikwa juu ya meza ya mashindano. Meza ikizidi mkeka kwa milimita 5, pengo linaachwa upande upi? Mkeka ukisukumwa kona ya kuanzia, roboti inayojinyoosha kwa kugonga ukuta wa mbali inakosea milimita 5 zote kila inaporudi. Leo meza mbili ziliwekwa kwa namna mbili.

Sensa Nyekundu: Tatu. Ile ya dirishani mkeka uliachwa katikati, pengo pande zote.