Kuelekeza opera: nianzie wapi?

Mwalimu wa kwaya, Kisumu: Nataka kuingia kazi ya kuelekeza opera jukwaani. Shida ya kwanza: waimbaji wakitembea, sauti inapotea. Nifanyeje?

Jibu: Wakariri muziki kwanza, ndipo uwapange. Mwenye karatasi mkononi haigizi. Sauti hupotea anapomgeukia mwenzake aliye nyuma yake. Mweke anayeimba hatua mbili nyuma ya anayesikiliza. Atamkabili yeye na hadhira pamoja. Atembee vyombo vikicheza peke yake, si katikati ya nota ndefu.

Jibu: Na amwone mpiga baton, yaani anayeongoza muziki kwa kijiti, kwa pembe ya jicho, la sivyo ataachwa nyuma. Wewe andika kila hatua kwa penseli juu ya nota zenyewe.

Jibu: Wengi huanzia usaidizi wa mwelekezi. Walter Felsenstein, mwelekezi na mwanzilishi wa jumba la opera la Komische Oper Berlin (1947), alianza kama mwigizaji. Usidharau drama za shule.