Naombeni msaada: malazi ya bei nafuu Ouro Preto (Brazil) mwezi wa saba

Nyamizi_miamba
Wakuu habari za humu. Naomba mwenye uzoefu wa Brazil anishike mkono kidogo. Mwezi wa saba natakiwa niwe Ouro Preto, ule mji wa zamani wa dhahabu jimbo la Minas Gerais, kuna kozi fupi ya jiolojia chuo kikuu cha pale, UFOP. Wafadhili wamelipa ndege na ada tu, kulala na kula najitegemea mwenyewe. Nikijibana sana nina dola 35 kwa siku na humo humo kuna kitanda, chakula na nauli ya pale mjini, na ningependa ibaki hela ya kuingia hata mgodi mmoja wa zamani maana nimesomea hayo mambo na sijui kama nitarudi tena kule.

Nimeangalia onlaini, kuna chumba karibu na Praça Tiradentes, uwanja wa katikati ya mji, nilitaka kukichukua kwa sababu nimesoma kwamba Escola de Minas (shule ya madini ya UFOP) ipo pale pale uwanjani. Lakini bei za siku za mwanzo zina afadhali, halafu wikiendi inaruka karibu mara mbili, sijaelewa kwa nini. Kuna mtu kaniambia nikalale Mariana, mji wa jirani kama kilomita 12, eti ndio rahisi. Je ni kweli? Mimi ni mwanamke, nasafiri peke yangu, Kireno ni obrigada (asante) tu. Asanteni.

BintiTanga_BH
Dada Nyamizi karibu sana Minas. Mimi naishi Belo Horizonte na Ouro Preto naenda mara kwa mara, wageni wangu wote wakija lazima niwapeleke, kwa hiyo ngoja nikwambie kabla hujalipia hicho chumba.

Kwanza Escola de Minas. Ilianzishwa 1876 na kweli jengo lake la zamani liko Praça Tiradentes, ndilo lilikuwa ikulu ya magavana, ila siku hizi pale ni makumbusho (ya madini, na usiyakose kabisa, utalia kwa raha). Masomo yenyewe yako kampasi ya Morro do Cruzeiro, mlima mwingine huko juu mtaa wa Bauxita. Waandikie waandaaji uwaulize kozi inafanyika jengo gani. Kama ni kampasi tafuta kitanda Bauxita au Lagoa huko huko, ni mtaa wa wanafunzi, hauna uzuri wa picha lakini duka la vyakula lipo, mikahawa ya bei ya mwanafunzi ipo, na asubuhi hupandi mlima na begi la mawe mgongoni. Ukitaka kushuka mjini jioni mabasi ya mji yapo.

Hiyo bei kuruka wikiendi sababu yake ni watu wa Belo Horizonte. Ni kilomita 100 tu, basi kama saa mbili, Ijumaa jioni mji mzima unahamia huko, wapenzi, familia, watu wa pikipiki. Na wewe umechagua Julai, shule zimefungwa na ndio mwezi wa Festival de Inverno (tamasha la majira ya baridi), muziki na maonesho Ouro Preto na Mariana. Kwa hiyo ukibuki, panga usiku wa Ijumaa na Jumamosi kwanza, hizo ndizo ngumu, Jumatatu hadi Alhamisi hazikupi shida. Na usiishie kwenye apu za buking. Pousada (nyumba za wageni) nyingi ni za familia, namba yao ya WhatsApp iko kwenye ukurasa wao, waandikie kwa Kireno cha kutafsiriwa na simu, waambie unakaa siku nyingi na unakuja kusoma UFOP, mara nyingi wanashusha kwa sababu ile kamisheni ya apu inabaki kwao. Waulize vitu vitatu: kama café da manhã (kifungua kinywa) imo kwenye bei, kama bafu ni la chumbani au la kushirikiana, na ngazi ziko ngapi. Hilo la ngazi usilipuuze, zile nyumba ni za miaka ya 1700, ngazi zake ni za mbao, lifti hakuna.

Begi la magurudumu acha nyumbani jamani. Mji wote umetandikwa mawe na miteremko yake ni ya kushikilia ukuta. Beba la mgongoni na viatu vyenye soli ya kushika, mvua hata ndogo ikipita yale mawe yanateleza balaa.

Malipo sasa. Kila mtu hapa analipa kwa Pix, malipo ya papo kwa papo kwa simu, hadi muuza mahindi barabarani, ila Pix inataka akaunti ya benki ya hapa na namba ya CPF (namba ya mlipakodi wa Brazil) ambayo mgeni huna. Basi kuwa na kadi mbili tofauti na reais (hela ya Brazil) taslimu kidogo. Hata tovuti za mabasi nyingi zinadai CPF, usihangaike nazo, nenda dirishani stendi ya Belo Horizonte na pasipoti yako, utauziwa tiketi, siku za kawaida mabasi ni mengi. Ila ya Ijumaa jioni usiisubirie dakika ya mwisho.

Usalama: kwa mwanamke peke yake ni mji mtulivu ukilinganisha na miji mikubwa ya huku. Nakushauri tu usiku sana usipande vichochoro vya pembeni peke yako, na uulize hosteli kama kuna bweni la wanawake, kwa Kireno ni quarto feminino.

Otieno_vito
Nimesoma hapo juu na dada amesema ukweli. Mimi ni mtu wa mawe, natoka Voi, biashara hunileta Minas, sana sana upande wa Teófilo Otoni, lakini Mariana nimelala na Itabira pia.

Hiyo maneno ya Mariana ni rahisi inategemea siku. Unajua Ouro Preto dhahabu yake iliisha zamani, vitanda vinajazwa na watalii. Mariana bado kuna migodi ya chuma inafanya kazi, na tangu lile bwawa la taka za mgodi la Fundão lipasuke Novemba 2015, watu 19 wakafa na kijiji cha Bento Rodrigues kikazikwa na tope, kumekuwa na kazi kubwa ya ujenzi na ukarabati. Kwa hivyo hoteli za bei ya chini zinakaliwa na mafundi, madereva na wahandisi wa makandarasi. Jumatatu mpaka Ijumaa asubuhi unaambiwa lotado, imejaa, kampuni imechukua orofa nzima kwa miezi. Ijumaa wanaenda kwao na Jumamosi unapata chumba safi kwa bei ya kuongea. Itabira nayo ni vile vile. Sasa dada Nyamizi fikiria: siku za kazi lala Ouro Preto, wikiendi ile bei inapanda shuka Mariana. Basi za kwenda na kurudi ni nyingi, na njiani hapo Passagem ndipo kuna ule mgodi mkubwa wa dhahabu unaoshukia na kitoroli kilichofungwa kamba ya chuma, mita 120 chini, na huko ndani kuna ziwa maji yake unaona mpaka chini. Kwa mtu wa jiolojia usikose.

Hoteli za mafundi nazipenda sana, wacha niseme ukweli. Hazina picha nzuri lakini shuka ni safi, kifungua kinywa kinaanza mapema kwa sababu watu wanaenda shifti, na mama wa jikoni atakujazia kahawa kwa chupa ubebe. Ukifika usiku ukaona mabuti ya mgodi yamepangwa nje ya milango usiogope, hao watu wamechoka, saa tatu wote wamelala.

Bafu ni ile shawa ya umeme ya kichwani, ile ile Lorenzetti tuko nayo Kenya, kumbe inatoka huku Brazil. Ukitaka maji moto zaidi punguza kasi ya maji. Karatasi ya choo inawekwa kwa ndoo kando, si kwa choo. Na adapta ya umeme nunua hapa, plagi yao ina pini tatu za mviringo, hakuna mahali pengine nimeiona isipokuwa Afrika Kusini inafanana kidogo.

Na kuhusu mawe: utaonyeshwa topazi ya kifalme barabarani, ile ya rangi ya machungwa inakaribia waridi. Ni kweli inatoka milima ya hapo Ouro Preto, ndipo nyumbani kwake. Lakini bei yake halisi mfuko wako hautaiweza, kwa hivyo yule anakuuzia kwa bei ya soda anakuuzia kitu kingine. Ukitaka zawadi nenda soko la mawe ya sabuni mbele ya kanisa la São Francisco de Assis, vikombe na vinyago, kama vile vya Kisii kwetu.

Nyamizi_miamba
Jamani asanteni mno, nimekansel kile chumba kabla ya tarehe yao ya mwisho. Nimewaandikia waandaaji, ni kampasi kweli Morro do Cruzeiro! Sasa nauliza mengine. Chakula, naweza kula vizuri kwa dola 10 au 12 kwa siku? Na nimesikia kuna nyumba za wanafunzi zinaitwa república zinapokea wageni, ni salama mtu kulala huko? Na baridi ikoje, Dodoma Julai tunajifunika lakini sidhani ni ya kunitisha.

MwanaLushi
Jambo yenu wote. Miye natoka Lubumbashi, nilisoma UFOP kwa ule mpango wa serikali ya Brazil unaoleta wanafunzi kutoka nchi zetu, kwa hiyo república nazijua kutoka ndani.

Ni nyumba za wanafunzi kumi, kumi na tano, zingine mali ya chuo, zingine za kupanga. Kila nyumba ina jina lake na desturi zake, na sebuleni ukutani zimepangwa picha za wote waliohitimu wakitoka nyumba ile, hadi wazee wa zamani kabisa, na kila tarehe 12 Oktoba, siku ya kuzaliwa kwa Escola de Minas, wale wazee wanarudi na kulala kwenye nyumba yao kama vijana. Mgeni wanampokea vizuri sana, watakupa godoro, watakupikia, watakufundisha Kireno kwa wiki moja kuliko shule. Lakini sherehe ni nyingi na wanaziita rock, muziki mpaka alfajiri. Kama kozi yako inaanza saa mbili asubuhi, usiku wa wiki lala pousada. Ukitaka república, mwombe profesa au mwanafunzi wa kozi yako akupeleke kwenye nyumba ya wasichana anayoijua yeye, usiende kwa tangazo la mtandao tu.

Baridi usiidharau. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, usiku wa Julai inashuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na nyumba zile za mawe na udongo hazina hita, ndani kunaweza kuwa baridi kuliko nje. Mchana jua zuri, mvua hakuna. Beba sweta nzito na soksi, na siku ya kwanza tu omba blanketi la pili kabla wengine hawajaziomba.

Chakula utakula vizuri. Chai ya asubuhi ya pousada ni chakula kamili, pão de queijo (vimkate vya jibini), keki ya mahindi, matunda, kahawa, ukishiba hapo unafika mchana bila shida. Mchana tafuta mkahawa ulioandikwa self-service sem balança, maana yake sahani haipimwi kwenye mizani, unalipa bei moja na kujaza mpaka ushibe. Ile ya a quilo, ya kupima kwa kilo, inafaa ukiwa na njaa ndogo. Kampasini kuna mkahawa wa chuo, waulize waandaaji kama watakuruhusu kula huko, ni rahisi sana. Na utakuta angu, ni unga wa mahindi uliopikwa bila chumvi, laini kuliko bukari (ugali) yetu, inaletwa na kuku wa bamia na couve iliyokatwa nyembamba, ambayo wewe utaitambua mara moja kuwa ni sukuma. Siku yangu ya kwanza kula ile sahani nilinyamaza kabisa. Waliopika hivyo kwanza kwenye mji ule ni watu walioletwa kwa nguvu kutoka Afrika, na jikoni la Minas bado ni lao.

Ndiyo maana nakuomba dada, zaidi ya Passagem tenga hela uende Mina du Veloso, ni ndani ya mji wenyewe. Ni shimo lililochimbwa kwa mkono na watumwa, utaona alama za patasi ukutani moja baada ya nyingine, mahali pengine unainama mpaka magoti. Waelekezaji wa pale watakueleza kwamba wengi waliletwa kutoka Costa da Mina, pwani ya Afrika Magharibi, kwa sababu walikuwa tayari wanajua kutafuta dhahabu na kusoma mwamba. Wazungu walinunua ujuzi, si mikono tu. Wewe umesomea kazi hiyo hiyo, utaelewa kuliko mtalii yeyote atakayekuwa kwenye kundi lako. Ukitoka hapo, siku nyingine, panda hadi kanisa la Santa Efigênia, kanisa la Waafrika juu ya mlima wa Alto da Cruz. Kila Januari kuna sikukuu ya Congado, ngoma na wafalme wao, na moja ya makundi yanayoandamana inaitwa Moçambique mpaka leo.

BintiTanga_BH
MwanaLushi umenena vema kaka. Naongezea kidogo kwa hesabu ya hela: dola miaka ya karibuni imekuwa ikicheza karibu reais 5 hadi 6, kwa hiyo dola 35 inatosha kama unalala bweni la hosteli au chumba cha bafu la kushirikiana na unakula kama alivyosema. Ukitaka chumba peke yako katikati ya mji wikiendi ya Festival haitoshi, usijidanganye. Fanya alivyosema Otieno, hizo siku shuka Mariana, nayo ni nzuri, imejengwa kabla ya Ouro Preto na watu wake wana muda wa kuzungumza.

mzee_wa_safari
Binti Nyamizi, chanjo ya homa ya manjano umepata? Minas iliwahi kuwa na mlipuko mkubwa 2017 na 2018, na hata bila hilo ukirudi Tanzania kutoka Brazil uwanjani watakuuliza kadi ya njano. Choma angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Na viza usiache mpaka mwezi wa sita, ubalozi wa Brazil upo Dar, watataka uthibitisho wa malazi, kwa hiyo buki sehemu inayoruhusu kufuta bila kukatwa hela, chapisha karatasi yake, halafu hayo ya kubadilisha wikiendi uyafanye viza ikishatoka.