Nani Atakuna Nazi?

*Kikundi: Ukoo wa Bibi Msham, Tanga. Jumanne jioni.*

Shangazi Mwanahamisi, 18:42
Assalaam alaykum wanangu. Shughuli ya Mwanaisha ni Jumamosi. Kazi nimeshazigawa, msinipigie kubadilisha. Mchele kilo 30 upo. Nazi 40 zinakuja Ijumaa kutoka Pongwe. Kukuna: Rehema, Mama Nuru, Saumu. Kuku: Jamila na wenzake. Maturubai na viti: Hatibu na vijana. Maji: Bakari.

Bakari, 18:44
Ndoo ngapi shangazi?

Shangazi Mwanahamisi, 18:44
Mpaka nikwambie basi.

Dada Rehema, 18:55
Shikamoo shangazi. Naomba nitolewe kwenye kukuna. Mgongo. Nipe kuchambua mchele, nipe vitunguu vyote peke yangu, nitamenya.

Shangazi Mwanahamisi, 18:58
Marahaba. Mgongo huohuo wa hitima ya marehemu kaka? Huo mgongo una kalenda, haukosei shughuli hata moja.

Bakari, 18:58
Shangazi!

Shangazi Mwanahamisi, 18:59
Nasema kweli. Alipasuliwa tumbo, hakupasuliwa mgongo. Miye nimezaa saba na mbuzi naikalia hadi leo.

Mama Nuru, 19:01
🙈

Saumu, 19:03
Mimi nasema ni ile sindano ya ganzi ya uti wa mgongo. Kila aliyechomwa ile hapumziki tena.

Baba Mdogo Hatibu, 19:05
Aumikwe. Kuna mzee huku Duga anapiga chuku, damu inatoka nyeusi kama oili ya gari. Au anywe diklofenaki, viwili asubuhi viwili jioni. Ndivyo vinavyonifikisha Lushoto na kunirudisha.

Jamila, 19:06
Mwarubaini 🙏

Dada Rehema, 19:31
Shangazi, nimenyamaza mwaka mzima, leo niacheni niandike. Naandika nimesimama, simu iko juu ya friji, maana kukaa kwa leo nimeshamaliza.

Usiku ule mnaukumbuka. Utumbo ulijisokota, tumbo likawa ngoma, upepo hautoki, choo hakitoki. Walipofungua wakakuta kipande kimeshakuwa cheusi, wakakikata. Nikaamka na mfuko ubavuni. Miezi mitatu nililala upande mmoja. Nikitembea nimeinama kama anayetafuta sindano chini, mkono tumboni, naogopa nyuzi zisifumuke. Mfuko ukaja kutolewa, utumbo ukaunganishwa, mkasema alhamdulillah yameisha. Nami nikasema. Kuinama ndiko hakukuisha. Ni mwezi wa nane sasa.

Kovu langu mnalisikia tu. Linaanzia chini ya chembe, likifika kitovuni linakikwepa pembeni, halafu linashuka moja kwa moja. Nikikaa kwenye mbuzi, kiuno kimekunjika, nazi naikandamiza kwa mikono miwili, nguvu yote inatoka hapo. Zamani sikujua kwamba inatoka tumboni. Nimejua lilipokatwa. Nazi ya kwanza nakuna vizuri. Ya pili panaanza kuwaka juu ya mfupa wa kiuno, kama mtu kaniwekea pasi akaisahau. Ya tatu sinyanyuki mpaka mtu anivute. Kesho yake sifagii, na kuoga naoga nimeshika ukuta.

Kwenye ile shughuli ya Mabawa nilikuna nane. Nane, shangazi. Nikaaga watu wote nikicheka, nikaanza kulia bajaji ilipowashwa, nikanyamaza Barabara ya 14.

Hospitali nimeenda. Siitaji ipi. Nikapigwa picha ya mgongo, daktari akaiinua kwenye mwanga akasema pingili ziko sawa, mama unawaza sana. Nikatoka na bahasha kwapani. Picha safi, mchafu mimi.

Na vidonge, Baba Mdogo, nimevinywa, vile vikali hasa. Wiki ya kwanza nililala usingizi wa mtoto. Halafu siku nne choo hakuna. Mtu ambaye utumbo wake umeshajisokota mara moja, akikaa siku nne, unadhani anawaza nini? Saa nane za usiku nikamwamsha Baba Fatu tukatafuta bajaji. Kumbe ni vidonge, vinafunga choo. Nesi alicheka. Mimi sikucheka.

Siombi dawa. Naomba nisipangiwe mbuzi.

Mama Nuru, 19:34
Pole mwenzangu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu yako siku ile, sikujua.

Bakari, 19:46
Shangazi anaandika, anafuta, anaandika. Dakika kumi sasa.

Shangazi Mwanahamisi, 19:46
Weye Bakari ndoo zako zimefika sitini.

Dada Asha (Dodoma), 20:12
Shikamooni wakubwa. Nimetoka kazini sasa hivi, nimesoma yote. Dada Rehema, pole, na ahsante kwa kuandika. Mama, naomba nikujibu hilo la "hakupasuliwa mgongo", na usinikasirikie, ndiyo kazi uliyonisomesha.

Weye hukuni nazi bila kufunga kibwebwe. Kweli si kweli?

Shangazi Mwanahamisi, 20:13
Nani anakuna bila kibwebwe.

Dada Asha (Dodoma), 20:21
Basi Mungu ametupa kibwebwe cha ndani. Ni misuli iliyozunguka kiuno, imeshikwa nyuma mgongoni na inakuja kukutana mbele, katikati ya tumbo. Ukitaka kunyanyua kitu, inakaza yenyewe kabla hata mkono haujashika ndoo, ndiyo mgongo unatulia. Kisu cha Dada Rehema kilipita palepale kwenye fundo. Wakalishona, sawa, lakini lilikatwa mara ya kwanza, akaja kulazwa tena kutolewa mfuko, na katikati hapo wiki baada ya wiki za kulala na kujikunja. Misuli inasahau kazi. Mgongo umebaki unafanya kazi ya watu wawili. Kovu la ndani nalo huweza kushikana na kuvuta, ndiyo maana akinyooka anahisi kama kafupishwa nguo mbele.

Picha ya eksirei ni ya mifupa. Misuli haionyeshi, mishipa ya fahamu haionyeshi, kovu la ndani halionyeshi. Mtu anaweza kuwa na picha nzuri kabisa na asiweze kuvaa kiatu. Na maumivu yakipita miezi mitatu tunayaita sugu. Mwili unakuwa mwoga, kitu kidogo unakipigia yowe. Yowe ni la kweli, haigizi mtu.

Saumu, sindano. Dada Rehema, siku ile ulikuwa macho au ulilala?

Dada Rehema, 20:22
Nililala kabisa. Nimekuja kuzinduka jioni.

Dada Asha (Dodoma), 20:23
Basi ulipewa usingizi kamili. Sindano iachiwe huru, haina kesi hapa.

Saumu, 20:23
Haya, nimeiachia 😂

Dada Asha (Dodoma), 20:25
Dada, nijibu haya. Miguu inakufa ganzi au kuishiwa nguvu? Pale unapokalia unapahisi? Mkojo unauzuia? Homa? Unakonda bila sababu? Na ukikohoa, kovu linatuna?

Dada Rehema, 20:27
Asha, mbele ya Baba Mdogo?

Baba Mdogo Hatibu, 20:27
Nimefumba macho, jibu tu.

Dada Rehema, 20:29
Miguu mizima. Napahisi. Nauzuia. Homa hakuna. Kukonda natamani. Halituni.

Dada Asha (Dodoma), 20:33
Vizuri. Ila mjue wote: siku akisema pale pa kukalia pana ganzi, au mkojo unamtoka, au mguu unaburuta, ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa harusi. Na tumbo likijaa, anatapika, upepo hautoki, vivyo hivyo. Msimpe mwarubaini mkangoja asubuhi. Kovu likianza kutuna si dharura kama hayo, labda liume na ligome kurudi ndani, lakini lionwe, hiyo ni ngiri ya kwenye mshono.

Mjomba Hatibu, shikamoo, sasa zamu yako. Diklofenaki viwili viwili bila kuandikiwa, nawe una vidonda vya tumbo? Vinatoboa tumbo, vinapandisha presha, vinaumiza figo. Dada Rehema anameza dawa za presha, hivyo si vyake. Na vile vikali vilivyomfunga choo, kwa utumbo uliokwisha kukatwa, asivirudie mpaka daktari aliyemwandikia ajue kilichotokea.

Baba Mdogo Hatibu, 20:34
Marahaba mwanangu. Na chuku?

Dada Asha (Dodoma), 20:36
Wembe ukiwa mpya na mwenyewe akitaka, sigombani. Lakini chuku haifungi kibwebwe. Nisichokubali ni kukandwa tumbo, na ile ya kupandiwa mgongoni na mtoto.

Dada Rehema, 20:38
Ya mtoto nimeshafanya. Fatu ana kilo 22.

Dada Asha (Dodoma), 20:39
Yarabi.

Sikiliza. Kuanzia leo, kitandani usiinuke mbele kama droo inayofunguliwa. Geuka ubavu kwanza, shusha miguu, ndipo mkono ukusukume. Halafu kila siku baada ya Alfajiri lala chali kwenye mkeka, magoti juu, nyayo chini. Vuta pumzi. Ukiitoa, vuta kitovu taratibu kiende mgongoni, kama unayefunga kanga ya kubana, bila kubana pumzi. Hesabu mpaka tano, achia. Mara kumi. Utaona ni mchezo. Si mchezo. Ukizoea wiki mbili tatu, nitakuonyesha kwa video kunyanyua kiuno.

Na utembee. Unatembea?

Dada Rehema, 20:43
Hadi Mkwakwani na kurudi, jua likishashuka. Nikipita uwanja mgongo unakuwa umelegea kidogo, ndiyo sielewi. Kukaa kunaniua, kutembea kunaniponya.

Dada Asha (Dodoma), 20:44
Ndivyo ilivyo. Usiache. Na kesho tafuta fiziotherapia, wale wa tiba ya mazoezi, hospitali ya mkoa, mtu akushike akuone, mimi niko mbali. Ule mkanda wa mpira uliouziwa uvae ukiwa na kazi ya kusimama tu, uvue ukikaa. Ukiuvaa usiku na mchana misuli inalala tena.

Dada Rehema, 20:58
Nimejaribu hapa mkekani. Ya sita paka kaja kunikalia tumboni.

Bakari, 20:58
Uzito wa mazoezi 😂

Saumu, 21:04
Dada Rehema, nami nikiri. Siku ile uliposali kwenye kiti nilimwambia Jamila unajidekeza.

Jamila, 21:04
Usinitaje.

Dada Rehema, 21:07
Nilisikia. Nilikuwa kwenye tahiyatu, ningejibu vipi? Asiyeweza kusimama anakaa, asiyeweza kukaa analala ubavu, hayo tumefundishwa chuoni wote, kwa mwalimu mmoja.

Saumu, 21:08
Nisamehe dada yangu.

Dada Rehema, 21:08
Nishasamehe. Vitunguu tutamenya wote.

Jamila, 21:12
Sasa nazi? Tuzipeleke Mgandini kwenye mashine, nusu saa zimekwisha.

Shangazi Mwanahamisi, 21:15
Nazi ya mashine inakunwa na gamba la ndani, tui linatoka la kijivu. Wageni wa kiumeni watatoka Pangani kuja kula wali wa kijivu?

Mama Nuru, 21:16
Wali ukishapakuliwa gizani nani anaona.

Dada Asha (Dodoma), 21:17
Mama.

Bakari, 21:25
Anaandika tena...

Shangazi Mwanahamisi, 21:29
Ishirini ziende mashine. Hizo zitaingia kwenye mchuzi, bizari itaficha. Ishirini za wali nitakuna miye, Mama Nuru na Saumu, na Bakari.

Bakari, 21:29
Mimi? Mwanamume kwenye mbuzi?

Shangazi Mwanahamisi, 21:30
Kwani mbuzi imeandikwa jina?

Rehema atakaa nasi jikoni, aonje chumvi, agawe sahani, anyanyuke atembee anapotaka asiulizwe. Ndoo asiguse hata ya lita 10. Na aletewe kiti chenye mgongo, maana wake tumeshausikia.

Dada Rehema, 21:31
Ahsante shangazi ❤️

Baba Mdogo Hatibu, 21:33
Vile vyeupe vya plastiki vya kukodi vina mgongo. Naongeza kimoja.

Dada Rehema, 21:34
Vinabonyea Baba Mdogo. Nikikaa robo saa kiuno kinazama. Cha mbao, kama kipo.

Shangazi Mwanahamisi, 21:38
Kipo kwangu, kile cha marehemu baba yako. Kiko uani. Bakari ukifuate kesho mapema. Utamkuta kuku kakilalia, umtoe taratibu, ana mayai.