Kucheza dansi na binti yako shuleni: tupeane uzoefu

Fundi_wa_Mawe, Kisumu

Wadau, habari za jioni. Naleta hapa jambo ambalo kule saiti siwezi kulisema, watanicheka mpaka saruji ishike.

Binti yangu yuko Gredi ya 5. Shule yao iliandaa dansi ya baba na binti, Jumamosi ya kuamkia Siku ya Akina Baba, ile Jumapili ya tatu ya Juni. Kiingilio shilingi 500 kwa watu wawili, soda na keki ndani. Karatasi ilikaa juu ya kabati wiki nzima, naipita kama bili ya maji. Siku ya nane akaniuliza, "Baba, nimwambie mwalimu hutaki ama huna pesa?" Hapo sikuwa na kona.

Koti nililitoa Kibuye siku ya soko, shilingi 400. Viatu nikaazima kwa shemeji, vimechongoka mbele, namba moja chini ya mguu wangu. Kila usiku baada ya chakula tunasukuma meza, tunatumbukiza simu kwenye sufuria ili sauti ikue, ananifundisha. Shida yangu ni kuhesabu. Siwezi kusogeza mguu bila kuhesabu, nadhani ni mazoea ya kupanga mawe. Moja, mbili, tatu, geuka.

Siku yenyewe ukumbi umetulia, wimbo wa Kizungu wa polepole, nami nambwagia mtoto hesabu sikioni. Akanivuta tai. "Baba, hesabu kwa moyo." Nikajaribu, nikamkanyaga. Nikarudi kwenye hesabu yangu, na yeye akaanza kuhesabu pamoja nami, kwa sauti. Mzee wa pembeni, ambaye alikuwa akizunguka kama trela inayotafuta mahali pa kugeuzia, akadaka hesabu yetu naye akanyooka.

Leteni zenu. Hata waliokataa kwenda waseme.

Mama_Wawili, Nakuru

Kwetu barua iliandikwa "baba" basi. Baba yao ana mji mwingine na hayo yalishakwisha. Nikamwomba kaka yangu, akakubali upesi mno, nikajua ana mbili kichwani. Lakini alikuja. Amenyoa, amepiga pasi, ana leso mfukoni ya kumpangusa mtoto keki. Pale mlangoni mwalimu mwenye daftari akamwuliza, "Wewe ni baba ya nani?" Kabla hajafungua mdomo, mtoto akamjibia: "Ni mjomba, lakini anaweza."

Nilikuwa nje kwenye boda. Nilisikia.

Mwalimu_wa_Zamu

Mama Wawili, pole. Nasi tulifanya kosa hilo mwaka wa kwanza, na Ijumaa ile watoto kadhaa hawakuonekana shuleni, eti tumbo. Mwaka uliofuata tukaandika "njoo na mtu wako mkubwa". Akaja nyanya mmoja na mkongojo, na mkongojo nao ukacheza. Kwa walimu wenzangu wanaopanga: msianze na wawili wawili. Anzeni na wimbo wa watu wote, baba wenye miguu mizito wajifiche katikati ya umati kwanza.

Sina_Presha

Huu uzungu mtatuua nao. Karo watu hawajamaliza.

Mzee_wa_Shinyalu

Kijana Sina Presha, sikupingi sana, lakini ngoja nikueleze.

Kwetu Isukha, baba hamshiki kiuno binti aliyeanza kukua, tena mbele za watu. Barua ilipokuja binti yangu akiwa Kidato cha 2, nililala nayo siku mbili. Ya tatu nikaenda kwa mwalimu mkuu, si kwa ugomvi. Nikamwuliza: ni lazima tushikane? Sisi tuna isukuti. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe ya swala, njuga za chuma. Wanaume mstari wao, wanawake mstari wao, mabega ndiyo yanayozungumza. UNESCO waliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, halafu sisi wenyewe tuko hapa Kakamega tunakodisha spika. (Hilo la spika lilimchoma, niliona.)

Akakubali. Vijana wa muziki wakatoa ngoma zao stoo. Mimi sikuwa nimetikisa bega tangu harusi ya mdogo wangu. Binti yangu yuko mbele yangu hatua tatu, hajanigusa, hata usoni hanitazami, ametazama vidole vya miguu yangu. Lakini nikishusha bega la kushoto, naye ameshusha la kulia. Mpigaji ngoma akaongeza mwendo, akidhani atanishinda. Binti akacheka, meno yote nje. Kesho yake sikuweza kuinua jembe, mama yake akanikanda kwa maji moto huku akinisema.

Mpakizi_wa_Waridi, Naivasha

Mimi nilikosa. Binti yangu anasoma Nakuru mjini, mimi niko shamba la maua Naivasha. Dansi yao waliiweka Februari, wiki ya Valentine. Mtu yeyote wa maua anajua siku za kuelekea tarehe 14 hakuna ruhusa: waridi likatwe, lipangwe kwa urefu wa shina, liingie kwenye chumba cha baridi, liwahi ndege, lifike Uholanzi kabla siku haijapita. Niliomba. Nikaambiwa saa tisa nitoke. Nikatoka saa kumi na moja. Matatu ikasubiri kujaa, Gilgil tukakuta malori yamejipanga, nikafika wakipandanisha viti.

Mkononi nina shada la rejekti, yale ya shina fupi. Akayatazama. "Si haya ndiyo yaliyokunyima kuja?"

Aliyapokea. Mpaka leo sijui aliyapeleka wapi.

Binti_wa_Mwalimu, Kisumu

Pole sana baba. Upande wetu sisi mabinti mambo huwa mengine.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kukunja uso. Nikiwa Kidato cha 3 alikuja kwenye sherehe ya wazazi, nikamwomba Mungu akae tu kwenye kiti. Didijei akaweka ohangla, muziki wetu wa Kiluo. Baba akavua miwani, akanipa nishike. Hapo ndipo nilijua kuna kitu sijaambiwa. Alishuka taratibu, mgongo umenyooka kama rula, kiuno kikifanya shughuli zake peke yake. Wanafunzi aliowatandika asubuhi ndio walikuwa wakishangilia. Akanivuta mkono, nikacheza nimefumba macho.

Kumbe ujanani alikuwa mpigaji, zile ngoma za ngozi ya kenge, kabla vinanda havijaingia. Mama alijua. Sisi watoto watano, hakuna.

Fundi_wa_Mawe, Kisumu

Mpakizi, ndugu yangu, mwaka huu tuma maombi ya ruhusa tangu Desemba, tena kwa maandishi.

Sina Presha, ile 500 niliitoa kwenye pesa ya nyama, na mama watoto anajua.

Shemeji ameulizia viatu vyake leo. Kimoja kimefumuka upande wa kidole gumba. Nimemwambia viko kwa fundi, na fundi hajui bado.