Profoma ya spea imeandikwa OEM: nilipe salio au niache?

Kijana_wa_Magongo
Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri, na naomba upesi maana usingizi umenipaa. Nimekaa miaka kaunta ya duka la spea la watu pale Mwembe Tayari. Sasa nimepata kibanda changu Magongo na nataka kuleta mali yangu mwenyewe. Nimempata muuzaji Guangzhou, amenitumia profoma, yaani ankara ya bei ya awali: pedi za breki za mbele na nyuma, bushi, bolijointi, oil filta na plagi. Nyingi ni za Toyota Fielder na Axio, modeli NZE141, kidogo za Probox. Masharti ni FOB (yeye anafikisha mzigo melini tu, nauli na bima ni juu yangu), asilimia 30 mwanzo na 70 kabla meli haijaondoka. Kila laini ameandika OEM, na bei ni nzuri mno.

Hiyo OEM ni sawa na jenuini? Na nimwambie abadilishe FOB iwe CIF, bei yenye nauli na bima ndani, ili jukumu libaki kwake mpaka mzigo ufike Kilindini?

Bi_Mkubwa_Kisauni
Waaleikum salaam mwanangu. Kabla ya OEM na CIF, umeswali istikhara? Na hizo pesa ni zako ama za kukopa? Marehemu mume wangu alikuwa na lori la mchanga, akanunua injini kwa maneno ya simu. Ilipokuja, bloku ilikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi ya chuma na kupakwa rangi juu. Lori likalala uani mpaka kuku wakataga kwenye kiti cha dereva.

Fundi_Mikindani
OEM ya haki ni kiwanda kinachoitengenezea kampuni iliyounda gari. Pampu ya maji ya Aisin, plagi za Denso, shokapu za Kayaba: hivi ni viwanda vinavyompelekea Toyota. Kitu kile kile kikiwa ndani ya boksi la Toyota ni jenuini, kikiwa ndani ya boksi la kiwanda chenyewe ni OEM na bei inashuka. Aftamaketi ni kiwanda kingine kabisa, na ziko nzuri, mimi nazifunga kila siku na wateja wanarudi. Sasa muulize huyo bwana: OEM ya nani? Mwenye kiwanda kizuri hafichi jina. Akishindwa kukitaja, hizo herufi tatu ni wino tu kwenye karatasi.

TukTuk_Likoni
Mie ndugu yangu nilitoka kwenye spea za gari ndogo nikaingia tuktuk, na sijutii. Gari ndogo kila modeli ina lake: hii ni 141, ile 144 ina foo-wili, mteja anataka bushi, unampa, anarudi jioni anasema haikuingia na boksi ameshalirarua. Tuktuk mtu anakuja na kile kibovu mkononi, unaweka viwili sambamba juu ya kaunta, mmemaliza. Fikiria tuktuk.

Wakala_Shimanzi
Nijibu la CIF, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Kwa kanuni za biashara ya kimataifa, Incoterms, FOB na CIF zote mbili hatari inahama mzigo ukishapandishwa melini kule kule bandari ya kupakia. Kwenye CIF muuzaji anakulipia nauli na bima, basi. Mzigo ukilowa maji njiani ni wako wewe, na wewe ndiye utakayeifukuzia bima iliyokatwa China. Halafu tangu 2017 serikali inataka waingizaji wa Kenya wakate bima ya baharini kwa kampuni za hapa. Kwa hiyo wengi wananunua kwa bei na nauli tu, bima wanakata wenyewe.

Na usidanganywe na bei ya profoma. KRA, mamlaka ya ushuru, anapiga ushuru kwa thamani ya CIF hata kama ulinunua FOB: anaongeza nauli na bima ndipo anahesabu. Juu yake kuna ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli, na VAT ya 16%. Mwambie pia asiandike "auto parts" laini moja kwa kila kitu. Kwa namba za forodha pedi zinaingia 8708.30, oil filta 8421.23, plagi 8511.10. Akizichanganya, mzigo unafunguliwa na wewe unalipia siku zinazopita.

Kontena ni lako peke yako au ni la kuchangia?

Kijana_wa_Magongo
Shukran sana wakala, la CIF limenifungua macho. Kontena ni la kuchangia. Bi Mkubwa, pesa nyingine ni zangu na nyingine za mama, ameniamini. Fundi, kiwanda nimemuuliza, anasema ni viwanda mbalimbali vya kule kule.

Fundi_Mikindani
Hajajibu. Haya, na boksi likoje?

Kijana_wa_Magongo
Boksi ni la kawaida tu. Mie wasiwasi wangu zaidi ni malipo, 70 kabla ya meli si nyingi?

Fundi_Mikindani
30 kwa 70 ndiyo desturi yao. Mimi nauliza boksi. Jeupe, la jina la kiwanda, au la nani?

Bi_Mkubwa_Kisauni
Mjibu fundi mwanangu. Mtu akiulizwa boksi akajibu malipo, ujue kuna neno.

Kijana_wa_Magongo
Sawa. Aliniuliza nataka boksi gani. Akanitumia picha za maboksi ya kampuni kubwa za Japani, na stika zake zinazong'aa za kukwangua. Anasema boksi tupu zinakuja kwenye katoni nyingine, hapa ninajaza mwenyewe. Nilimwambia pedi na filta aweke hivyo, zilizobaki jeupe. Asilimia 30 nimeshatuma.

Lakini wakubwa nisikilizeni kabla hamjanitia kitanzi. Kitu chenyewe si kibaya, nimeshika sampuli, pedi ni nzito na imekatwa vizuri. Mteja wa Magongo akiona boksi jeupe anapita anakwenda duka la pili kununua pedi ile ile ndani ya boksi la jina, tena kwa bei ya juu. Hili nimeliona kwa macho yangu miaka yote niliyokaa kaunta. Sikulianzisha mie.

Wakala_Shimanzi
Ungelianza na hili, mimi nisingelihangaika na CIF. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi iko tangu 2008, na haitazami uzito wa pedi, inatazama jina lililo kwenye boksi. Kuleta boksi tupu mbali na mali ndiyo ushahidi wenyewe: hakuna utakalosema. Na wewe uko kwenye kontena la kuchangia! Katoni yako ikikamatwa, kontena linasimama na mali ya watu wengine ndani yake, mama mwenye vyombo vyake, kijana mwenye simu zake, wote wanalipishwa gharama za kukaa. Mimi kontena la namna hiyo siligusi.

Bi_Mkubwa_Kisauni
Na pesa ya mama imo. Subhanallah.

Fundi_Mikindani
Uzito si kipimo. Niliwahi kufungua gurudumu la matatu ya Kaloleni, pedi za boksi la jina kubwa, mpya. Dereva alishuka mteremko wa Mazeras akasikia chuma kinasaga chuma. Ile nyama ya pedi ilikuwa imebanduka nzima kutoka kwenye bati lake, nikaitoa kama kipande cha biskuti. Kwenye bati kulikuwa na gundi tu, imekauka, njano. Kwa nje ilikuwa nzito na imekatwa vizuri. Abiria walikuwa wamejaa mpaka mlangoni.

Kijana_wa_Magongo
Fundi hizo si za huyu muuzaji. Huyu ana wateja Nairobi, Kirinyaga Road, anawapelekea kila mwezi, amenionyesha risiti zao. Na nikiacha sasa ile 30 imekwenda. Nyinyi mngekuwa mie mngeacha?

Mchunguzi_Tudor
Wakubwa mnapoteza muda. Hii hadithi ni ya kutunga. Soma tena mwanzo: anasema ana pedi za nyuma za Fielder NZE141. Fielder ya 141 nyuma ina drum, breki za ngoma, inatumia brek shuu si pedi. Mtu aliyekaa kaunta Mwembe Tayari miaka hawezi kuagiza pedi za nyuma za gari hiyo. Huyu ama anatafuta watu wa kusoma, ama ni huyo muuzaji mwenyewe anajipigia debe: "bei nzuri mno", "wateja Kirinyaga Road".

TukTuk_Likoni
Wallahi! Nami nimempa ushauri wa bure. Kijana, tuambie ukweli, hata kibanda unacho?

Kijana_wa_Magongo
Mchunguzi, umenivunjia heshima mbele za watu. Kuuza nimeuza, kununua kwa kiwanda ndiyo mwanzo. Profoma aliiandaa yeye, mie nilimpa modeli na idadi. Nanakili baadhi ya laini kama zilivyo, mwone wenyewe:
Pedi mbele NZE141, namba inaanza 04465.
Pedi nyuma NZE141, namba inaanza 04466, idadi sawa na za mbele.
Bolijointi chini, 43330.
Oil filta, 90915-YZZE1.
Plagi, 90919.
Hakuna brek shuu popote.

Fundi_Mikindani
Mchunguzi, huyu hatungi. Mwenye kutunga angetafuta namba zinazokubaliana. Tazameni hiyo laini ya pili. Kwa Toyota tarakimu tano za mwanzo ndizo zinazosema kitu ni nini: 04465 pedi za mbele, 04466 pedi za nyuma, 04495 brek shuu. Huyo wa Guangzhou ameona "breki mbele na nyuma" akapiga 04466 bila kutazama gari, au ana pedi za nyuma zimemlalia stoo anatafuta wa kumbebesha. Kijana, hiyo laini ni mali mfu kabla haijapanda meli. Fielder za 141 zimejaa mji huu na hakuna hata moja ya 1.5 itakayokununulia. Na Probox yako nyuma ni drum vile vile.

Mchunguzi_Tudor
Basi naondoa neno langu kuhusu kutunga. Kuhusu bei sijaondoa. Mtu asiyejua gari ina drum anakuhakikishiaje nyama ya pedi?

Wakala_Shimanzi
Kijana, hili limekupa mlango, utumie. Profoma ina kosa lake, kwa hiyo una haki ya kudai mpya na 30 yako ikahesabiwa humo. Dai hivi: pedi za nyuma zitoke, brek shuu za 04495 ziingie. Maboksi yote jeupe au ya jina la kiwanda chenyewe, na zile tupu zisikanyage kontena. Jina la kiwanda liandikwe kwenye kila laini. Cheti cha ukaguzi wa KEBS, shirika la viwango, kipatikane kule kule kabla ya kupakia, maana mpango huo wa kukagua mali nchi inakotoka uko tangu 2005 na mzigo ukifika bila cheti utahangaika hapa. Salio usitume mpaka uone cheti na picha za katoni zikiwa wazi.

Kijana_wa_Magongo
Brek shuu na jina la kiwanda nitadai usiku huu huu. La maboksi mniwie radhi, bado linanipa tabu. Yameshachapwa na yamo kwenye ile 30. Na wateja wangu je?

Fundi_Mikindani
Mteja wako mkubwa si mwenye gari, ni fundi. Mwenye gari anafunga anachoambiwa na fundi wake. Chukua pedi seti chache za boksi jeupe zenye jina la kiwanda na namba ya kundi, wape mafundi wa Magongo na Changamwe wafunge, zikikaa watakutumia watu. Nianze mimi: niletee seti mbili Mikindani, nitazifunga kwenye Probox ya maziwa inayotembea kutwa nzima, na nitakueleza haki yake hata kama ni mbaya.

Bi_Mkubwa_Kisauni
Na mama umweleze habari ya maboksi leo, kabla hujazungumza na huyo Mchina.

Kijana_wa_Magongo
Nimemweleza, Bi Mkubwa. Mama amesema maboksi yabaki huko huko, na pesa iliyokwenda imekwenda. Muuzaji amejibu: brek shuu anazo, boksi jeupe anakubali ila bei hashushi, na profoma mpya anatuma kesho.

Wakala_Shimanzi
Ikija iweke hapa, futa majina na akaunti ya benki, uache namba zote. Tutaipitia laini kwa laini kabla hujagusa ile 70.