Magharibi saa tisa kasoro robo

UKOO WA NGAMIANI
Jumapili, 7 Desemba

Mama Zai (16:52): Assalaam alaykum. Jamani, kuna aliyeongea na Zainabu wiki hii? Tangu Jumatano naona tiki mbili tu, hajibu.

Shangazi Mwana: Waalaykum salaam wifi. Mimi nilimpigia juzi, simu ikaita mpaka ikakata.

Baba Mdogo Hamisi: Labda yuko kwenye mitihani.

Mama Zai: Mitihani haizuii mtu kumjibu mama yake.

Zainabu (16:59): Shikamooni wote. Nipo. Nisamehe mama.

Mama Zai: Marahaba mwanangu. Alhamdulillah. Ulikuwa wapi?

Zainabu: [picha]
Hilo ndilo dirisha langu, nimepiga sasa hivi. Huku Uppsala, Uswidi, ni saa tisa alasiri.

Saidi: Dada Zai, mbona giza totoro?

Zainabu: Magharibi imeingia saa tisa kasoro robo. Adhuhuri ilikuwa kabla ya saa sita, alasiri karibu saa saba. Swala tatu ndani ya saa tatu, ukikaa darasani kidogo zinakupita. Jua lenyewe linatoka karibu saa tatu asubuhi na halipandi, linapita nyuma ya miti kama karabai ya mvuvi aliye mbali.

Mama Zai: Bibi yuko hapa na mimi. Anauliza umevaa soksi?

Zainabu: Mwambie nimevaa. Na ndani kuna joto, bibi, nalala na shuka moja. Viatu tunaviacha mlangoni kama nyumbani.

Baba Zai: Zai, sema lililopo.

Zainabu: Baba, nimefeli takwimu. Matokeo yalitoka Jumatano.
Huku hatusomi masomo sita kwa pamoja. Unasoma moja, wiki tano, unafanya mtihani, unaingia jingine. Nilikariri fomula zote kama nilivyokuwa nikifanya sekondari. Nafungua karatasi, fomula wametuwekea humo humo. Wanachotaka nieleze ni kwa nini nimechukua hii nikaacha ile. Nilikaa mpaka dakika ya mwisho. Nimepata U, maana yake sikufaulu. Niliona aibu kuandika humu kwa sababu nauli mlinichangia nyinyi.

Baba Zai: Nauli tulichanga ili ufike. Umefika.

Shangazi Mwana: Kwani ndiyo wamekufukuza?

Zainabu: Hapana shangazi. Kuna marudio, wanaita omtenta. Yangu ni tarehe 9 Januari. Hailipiwi, na U haiandikwi kwenye matokeo ya mwisho. Mwalimu kaniandikia niende tuipitie karatasi yangu pamoja. Nilimwita Profesa, akajibu nimwite jina lake la kwanza. Mtu wa umri wa babu! Mdomo unakataa. Ndiyo maana mpaka leo sijamjibu.

Babu Athumani: Zainabu mjukuu wangu. Mimi niliingia Sekondari ya Kibaha mwaka 1966. Shule ile tulijengewa na hao hao, Uswidi, Denmark, Norwei na Ufini, mradi ulianza 1963 wakaukabidhi kwa serikali yetu 1970. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Mswidi. Ukipata jibu sahihi hakusifu. Anakutazama, anauliza, "Umejuaje?" Muhula mzima nikadhani hanipendi. Kumbe ndivyo alivyokuwa akifundisha. Huyo wako naye anataka kusikia umejuaje. Mjibu leo. Na mwite anavyotaka kuitwa, hujamvunjia heshima.

Zainabu: Nitamjibu leo babu. Hii ya Kibaha hukuwahi kuniambia.

Babu Athumani: Hukuwahi kuwa na Mswidi wako.

Saidi: Dada, samahani naingilia. Maombi ya chuo ya mwakani bado?

Zainabu: Yako wazi sasa hivi mdogo wangu, kwa shahada ya uzamili. Tovuti ni universityadmissions.se, wanafunga katikati ya Januari. Ada ya maombi kronor 900, pesa za huku. Ufadhili wa Swedish Institute, taasisi ya serikali ya huku, unaombwa peke yake mwezi wa pili, usingoje majibu ya chuo kwanza. Wanataka uwe umeshafanya kazi angalau saa 3,000, kwa hiyo barua za pale ulipofanyia kazi anza kuzitafuta kesho.

Mama Zai: Na watu je? Una wa kuongea naye?

Zainabu: Watu wa hapa ni wakimya mama. Korido yetu tuko 12, jiko moja. Wiki za kwanza nilisalimia kila mtu, wanaitika "hej", wanapita. Nilikuwa nikirudi chumbani nalia.
Mwezi wa kumi nikakuta taa mbili za baiskeli zimefungwa kwenye kitasa cha mlango wangu, nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma. Na kikaratasi: "Nimekuona unatoka bila taa." Jina hakuna. Nadhani ni yule kijana wa chumba cha mwisho, maana tukikutana jikoni anaangalia chini anatabasamu.

Mama Zai: Mungu amlipe huyo mtoto. Mpikie kitu.

Zainabu: Niliacha mkate wa kumimina mezani, wakaumaliza korido nzima. Maandazi yao nayo yana iliki mama! Nilipouma la kwanza ilibidi nikae chini.

Baba Mdogo Hamisi: Iliki Uppsala. Subhanallah.

Zainabu: Tena kuna jambo. Hapa ninapokaa, Flogsta, kila usiku saa nne wanafunzi wanafungua madirisha na kupiga kelele. Maghorofa yote. Ni desturi yao ya miaka mingi. Usiku wa kwanza nilidhani moto, nikatoka mbio na pasipoti mkononi. Jumatano, baada ya matokeo, nikafungua dirisha langu nikapiga na mimi. Nikashangaa hiyo sauti ni yangu. Nikafunga, nikalala mpaka asubuhi.

Mama Zai: Peke yako mwanangu, siku nne.

Zainabu: Sitarudia mama.

Mama Zai: Bibi anasema saa nne yenu ni saa sita kwetu. Hatalala. Anataka kukusikia.

Zainabu: Bibi jamani! Haya. Nitarekodi.

Zainabu (19:26): Babu, nimemjibu. Nimemwita kwa jina lake. Tunaonana Jumanne saa nne asubuhi.

Babu Athumani: Vizuri sana.

Jumatatu, 8 Desemba

Zainabu (00:02): [ujumbe wa sauti, 0:23]

Mama Zai (00:09): Amesikiliza mara tatu, simu kaishika sikioni mwenyewe. Anasema wengine wote hawajui, ila ile ndefu ya mwisho ni yako. Ndiyo uliyokuwa ukimwitia kutoka kisimani.

Zainabu: Ndiyo hiyo hiyo, bibi.