Gumzo la ukoo wetu wa Dodoma: Elia wa Calgary, Kanada, yuko ufukweni Meksiko

Neema Nkuhungu: Elia hizo picha ulizoweka status ni wapi tena?? Si juzi tu ulikuwa unalia minus 25 hata kope zinaganda, leo umevaa bukta pembeni ya bahari

Elia Calgary: Shikamooni wazee wangu. Dada niko Meksiko, hii inaitwa Bahía Concepción, iko kwenye ile rasi ndefu ya Baja California. Wale wazee majirani zangu huwa wanahamia huku baridi yote, mwezi wa 11 wanaondoka wa 4 ndo wanarudi, na mimi ndo huwa nawaangalizia nyumba, sasa safari hii wakasema njoo walau wiki mbili uone tunapokimbilia. Wifi yenu kabaki na funguo

Shangazi Ipagala: Marahaba mwanangu. Miezi mitano hotelini? Hiyo hela wanatoa wapi

Elia Calgary: Hoteli wapi shangazi, wanaishi kwenye gari. Lina kitanda, jiko la gesi, kifriji, sola juu ya paa. Nje wamepewa kibanda cha makuti cha kukalia kivulini. Unalipa ada kidogo kwa usiku basi. Umeme hakuna, bomba hakuna, choo cha shimo

Baba Mkubwa Kisasa: Marahaba. Hebu nieleweshe vizuri. Mtu ana nyumba yenye hita, ana pensheni yake, anaacha vyote anakwenda kutumia choo cha shimo nchi ya watu?

Yona Bajaji: Baba mkubwa huko ndo kula bata kwenyewe 😂😂

Elia Calgary: Baba mkubwa theluji na miaka sabini na kitu haviendani. Ukiteleza kwenye barafu nyonga imeenda. Mzee anaamka asubuhi ana koleo mkononi anazoa theluji mlangoni ili apate tu pa kutokea, mchana saa kumi na moja giza limeingia, watu wanakaa ndani wiki nzima hawajaongea na mtu. Huku mchana ni 23, 24, usiku inashuka mpaka 10 hivi unavuta sweta, yaani Dodoma ya mwezi wa saba kabisa. Upepo wa kaskazini ukianza ndo shida, siku mbili tatu unapuliza kila kitu, mchanga mpaka kwenye chai

Mama Elia: Maji mwanangu. Maji ya kunywa mnapata wapi

Elia Calgary: Yanauzwa mama, mtu anapita na pikap ana tenki. Akitoka yeye anakuja wa mboga, halafu wa samaki, halafu kuna mama mmoja anauza tamale, ni unga wa mahindi una nyama ndani umefungwa kwenye maganda ya muhindi unapikwa kwa mvuke. Ukisikia honi unatoka na ndoo

Shangazi Ipagala: Kwahiyo katoka Kanada kwenda kusubiri boza 🤣 angekuja tu Nkuhungu

Neema Nkuhungu: Shangazi jamani tumeshaunganishiwa maji siku hizi tusitiriane

Yona Bajaji: Na hilo gari wanaendesha wenyewe toka Kanada?

Elia Calgary: Wenyewe, wanapokezana. Calgary hadi mpaka wa Meksiko ni kama km 2,500 wanakatiza Marekani yote kwenda chini, halafu hapo bado kama 1,000 hivi ndani ya rasi mpaka hapa. Barabara yenyewe ilikamilika 1973, ni moja tu toka Tijuana mpaka Cabo San Lucas km 1,711, nyembamba haina hata pembeni pa kuegesha na usiku haendi mtu mwenye akili maana ng'ombe wanalala kwenye lami. Kuna kipande cha zaidi ya km 300 hakuna sheli ya maana, pale Cataviña watu wanauza petroli kwenye mapipa kando ya barabara. Na bima ya gari ya Kanada ukivuka mpaka haifanyi kazi, unakata ya Meksiko. Mimi sikupita huko sina viza ya Marekani, kuna ndege inatoka Calgary moja kwa moja mpaka Loreto, hapo ni masaa mawili tu

Baba Mkubwa Kisasa: Na serikali yao inawaachia tu waondoke miezi mitano?

Elia Calgary: Wanahesabiwa siku baba mkubwa. Jimbo letu la Alberta ukitaka kuendelea kutibiwa kwa bima ya jimbo lazima uwepo siku 183 ndani ya miezi 12. Meksiko nao wanakupa mwisho siku 180. Mzee ana kalenda ndani ya gari anakata kila siku kwa kalamu

Baba Mkubwa Kisasa: Kumbe na wao wana uhakiki

Elia Calgary: 😂 Na bima nyingi za nyumba zinataka kipindi cha baridi mtu awe anapita kukagua ndani, maana hita ikizima mabomba yanaganda yanapasuka, ukute nyumba imekuwa bwawa na bima hailipi. Ndo kazi yangu hiyo

Mama Elia: Wanakulipa?

Elia Calgary: Tiketi ya kuja huku wamelipa wao mama

Neema Nkuhungu: Tuma picha za nyangumi uliahidi

Elia Calgary: Hao wako upande wa pili wa rasi, San Ignacio, tunaenda alhamisi. Wanatoka bahari za barafu huko kaskazini wanakuja kuzalia huku maji ya uvuguvugu, wengine wanasogea kwenye boti mpaka watu wanawashika. Halafu baba mkubwa utafurahi, karibu na Ensenada kuna bonde zima la zabibu, divai nyingi ya Meksiko inatoka huko

Baba Mkubwa Kisasa: Sasa nisikilizeni. Nimefikiria. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya hapa na huu upepo vinanimaliza magoti. Nitakwenda Pangani na hema langu nikae miezi miwili. Treni mpaka Dar haifiki hata masaa manne, toka hapo ni basi.

Yona Bajaji: Twende baba mkubwa mimi nabeba mizigo!!

Shangazi Ipagala: Kaka. Na zabibu zako za Hombolo? Mwezi wa saba ndo zinaanza kujaa, nani anapiga dawa, nani anaamia ndege? Hao wazungu wana Elia. Wewe Elia wako nani

Baba Mkubwa Kisasa: Yona yupo.

Yona Bajaji: Baba mkubwa mimi si ndo nabeba mizigo

Neema Nkuhungu: 🤣🤣🤣

Yona Bajaji: Ila tukikubaliana posho na mafuta ya bajaji kila siku Hombolo kwenda na kurudi, nabaki. Siyo karibu kule

Baba Mkubwa Kisasa: Kijana unafanya biashara na mimi?

Mama Elia: Shemeji mwache, hata Elia kalipiwa tiketi

Mama Mkubwa Kisasa: Bwana asifiwe. Nilikuwa kwaya ndo nasoma sasa hivi. Hilo hema ni la watu wangapi

Baba Mkubwa Kisasa: La wawili mama.

Mama Mkubwa Kisasa: Mimi chini silali. Tafuta chumba chenye kitanda, wiki mbili, siyo miezi miwili, na iwe baada ya kuvuna. Mwezi wa kumi. Yona hiyo posho njoo tuongee na mimi

Yona Bajaji: Nakuja mama mkubwa nipo Sabasaba hapa namshusha abiria